Wati 2000 za nini? Kuchagua spika ya gitaa la jukwaani

Wiki iliyopita, baada ya Isha, mpwa wangu alinijia mbio na simu mkononi. "Mjomba, nimepata spika! Inchi 15, wati 2000, na mwenyewe ataka pesa zake leo leo." Kijana huyu hupiga gitaa la umeme katika kikundi cha chakacha na taarab ya kisasa. Huitwa maharusini Kisauni, Majengo, mpaka Mtwapa. Pesa alizokuwa nazo amezidunduliza miezi minane, zikiwemo noti za tunzo zilizokunjwakunjwa. Nikamwuliza, "Umeisikiliza kwa gitaa lako?" Kimya.

Mimi gitaa nalishika tangu ujana, na diploma yangu ni ya umeme, kwa hivyo vijana wa mtaani huniletea maswali haya kila mara. Wengi hununua kwa macho. Wanaona sanduku kubwa na namba kubwa kibandikoni, wanatoa pesa. Kisha siku ya harusi gitaa halisikiki, au linasikika mpaka watu waziba masikio.

Zamani mpiga gitaa alikuwa na amplifaya yake maalumu ya gitaa, ikawa imekwisha. Tangu enzi za Them Mushrooms na Mombasa Roots, gitaa la pwani limezoeleka kwa sauti safi, ya kukatakata, inayocheza juu ya ngoma bila kuifunika. Siku hizi vijana wana pedali za kidijitali zinazoiga amplifaya chungu nzima, na wanaichomeka pedali moja kwa moja kwenye spika yenye amplifaya ndani yake, aina ile ile inayotumika kwa maiki na kinanda. Ni mtindo mzuri, tena umepunguza mizigo. Tatizo ni kwamba spika ya gitaa na spika ya maiki ni vitu viwili tofauti, hata zikiwa zote za inchi 12.

Spika ya amplifaya ya gitaa ina koni moja tu na haina tarumbeta ndogo ya sauti kali. Ikifika kama hezi 5,000 huanza kuchoka, na juu ya hapo haitoi kitu cha maana. Hiyo si kasoro. Waya wa chini kabisa wa gitaa hulia kwenye hezi 82, na noti za juu kabisa hazifiki mbali zaidi ya hezi 1,300. Kinachobaki juu ya hapo ni ule mng'ao, na mng'ao ukizidi hugeuka mkwaruzo. Koni ile huukata mkwaruzo kabla haujamfikia msikilizaji. Spika ya maiki, kwa upande wake, imetengenezwa itoe kila kitu mpaka karibu hezi 20,000, kwa sababu mwimbaji na kinanda wanataka hivyo. Kila unachoipa, itakitoa. Haikusitiri.

Nililijua hili kwa fedheha. Miaka kadhaa nyuma, katika harusi moja Malindi, amplifaya yangu ilikufa wakati wa kujaribu mitambo. Nikachukua pedali yangu ya kukwaruza sauti, ya kawaida tu, nikaichomeka kwenye spika ya waimbaji. Nilipopiga wimbo wa kwanza ilikuwa kama nyuki elfu ndani ya debe. Shangazi mmoja wa bibi harusi alinyanyuka na leso yake, akaja mpaka mbele ya jukwaa, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kitu chako kimeharibika, kizime." Nikakizima. Spika ilikuwa nzima kabisa. Mimi ndiye niliyekosea.

Kwa hivyo kabla ya kuitazama spika, itazame pedali yako. Je, inaiga amplifaya peke yake, au inaiga na kabati la spika ya gitaa pia? Ukiwa na kuiga kabati, spika ya maiki itatoa sauti ya gitaa kama unavyoijua. Pedali nyingi za kidijitali za leo zina kitu hicho ndani, ila wengine hukizima bila kujua kwa kuwa nyumbani wanatumia amplifaya ya kawaida. Ikiwa yako haina, kata sauti za juu kuanzia hezi 5,000 au 6,000 na za chini kabisa kuanzia 80 mpaka 100, na utapona kwa kiasi kikubwa.

Jambo la pili ni tundu la kuingizia. Gitaa la kawaida, lisilo na betri, lina nguvu ndogo sana na linataka tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja. Tundu la kinanda kwenye spika nyingi lina omu elfu kumi au ishirini hivi, na la maiki lina chini ya hapo. Ukichomeka gitaa tupu humo, sauti hufifia na kuwa nzito kama iliyofunikwa blanketi. Vijana husema spika ni mbovu, kumbe ni tundu. Ama utumie pedali inayolipokea gitaa vizuri, ama utafute boksi la DI, au uchague spika yenye swichi ya gitaa iliyoandikwa Hi-Z. Spika nyingi hazina swichi hiyo.

Sasa tuje kwenye wati, ambapo pesa nyingi huteketea. Namba kubwa iliyo kibandikoni mara nyingi ni nguvu ya kilele, ambayo amplifaya huifikia kwa kufumba na kufumbua. Nguvu ya kuendelea inaweza kuwa nusu yake, au chini ya hapo. Na hata wati zingekuwa za kweli, sikio halihesabu kama mfuko. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini ndogo. Ili mtu aseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Spika ya wati 2000 haipigi mara mbili ya spika ya wati 1000. Ibaki akilini mwako muuzaji akianza kupandisha bei.

Tazama badala yake kiwango cha juu cha sauti kwa desibeli, kinachopimwa mita 1 kutoka kwenye spika. Electro-Voice ZLX-12P ni spika ya inchi 12, imeandikwa wati 1000, na kiwango chake ni desibeli 126. Yamaha DBR10 ni ya inchi 10, imeandikwa wati 700, lakini kiwango kilichotajwa ni desibeli 129. Ndogo kwa inchi, ndogo kwa wati, na yadai sauti zaidi. Usizibebe namba hizi kama nukuu za sheria, maana kila kampuni ina namna yake ya kupima. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba wati na inchi hazikwambii utasikika vipi. Angalia pia amplifaya ya Roland JC-120, ambayo imekuwepo tangu 1975. Ina wati 120 tu na koni mbili za inchi 12, na yeyote aliyewahi kusimama mbele yake hatasahau.

Halafu kuna umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Spika ya desibeli 126 ikifika mita 16 imebakiwa na 102, na hapo ni pale inapolia kwa nguvu zake zote. Uwanja wa harusi chini ya turubai ni mahali pa wazi. Spika yako ya gitaa haikusudiwi kuwafikia wageni wa nyuma, hiyo ni kazi ya spika kubwa za ukumbi. Yako ni ya kukusikilizisha wewe, mpiga ngoma na mwimbaji, kisha kupeleka sauti kwa fundi wa mixa. Kwa hivyo hakikisha ina tundu la kutolea, la waya wa pini 3, na ujaribu kama kifundo chako cha sauti hakigusi kinachokwenda kwa fundi. La sivyo kila ukijiongezea kidogo, ukumbi mzima unakushtukia.

Kuhusu inchi, kwa gitaa mimi nasema 12, na 10 ikiwa nzuri yatosha. 15 ni ya besi na kinanda. Gitaa halina kazi huko chini, na mngurumo wa ziada utagombana na besi mpaka chakacha ipoteze mwendo wake. Tena kumbuka utakayembeba ni wewe. DBR10 ina kilo 10 na nusu, ZLX-12P zaidi ya 15. Tofauti hiyo ni ndogo dukani, si ndogo ukivuka Likoni kwa miguu, au ukienda Lamu, ambako mzigo unashushwa Mokowe, unapakiwa mashuani, kisha unamalizia juu ya punda.

Ukiiweka sakafuni ilaze ikutazame usoni, maana sauti kali hutoka kama mwanga wa tochi na ikipita magotini utaongeza sauti bure. Ukiisogeza pembeni mwa kuta mbili besi huvimba, kwa hivyo kata za chini. Na uwe na pedali ya kunyamazisha karibu na mguu. Muadhini akianza, hutaki kuonekana ukipapasa nyuma ya sanduku.

Hapa sina mzaha: pini ya ardhi. Katika mitambo yetu, hasa ya jenereta, spika ikinguruma "mmmm" utamwona fundi akiikata pini ya tatu ya plagi au akitumia soketi ya pini mbili. Mngurumo huisha kweli. Lakini mpiga gitaa ameshika nyaya za chuma zilizounganishwa na mtambo huo, na midomo yake iko karibu na maiki ya mtambo mwingine. Kukiwa na hitilafu kwenye umeme wa volti 240, njia yake ya kufika ardhini ni mwili wako. Watu wamekufa jukwaani kwa sababu hii. Mngurumo huondolewa kwa swichi ya kukata ardhi iliyo kwenye boksi la DI, ambayo hukata waya wa sauti peke yake, au kwa kuchomeka vyombo vyote vya jukwaani kwenye soketi za njia moja. Ukimwona mtu ameshika koleo karibu na plagi yako, mwambie aiweke chini, hata kama ni rafiki.

Na chumvi yetu mnaijua. Spika ya mkono wa pili iliyolala Mji wa Kale miaka mitatu bila kifuniko huwa na kutu kwenye matundu. Chomeka waya, uutikise, uzungushe vifundo vyote polepole. Ukisikia mkwaruzo, punguza bei au uondoke.

Mpwa wangu hakulipa usiku ule. Jumamosi tulikwenda pamoja na gitaa lake, pedali yake na waya wake mwenyewe, tukaichomeka ile ya inchi 15, tukapandisha mpaka kiwango cha harusi. Mwenyewe hakupenda, lakini alituacha. Besi ilitikisa mabati, na gitaa likawa kama mtu anayezungumza nyuma ya mlango. Kwa jirani yake palikuwa na moja ya inchi 12, imekwaruzika kidogo ubavuni. Kijana alipiga mara tatu, akanitazama, akacheka. Alilipa chini ya bajeti yake, na zilizobaki amenunua boksi la DI na kitambaa cha turubai cha kushonea kifuniko. Harusi ya kwanza ni mwisho wa mwezi, Mtwapa.