Cherehani Kongwe na Nguo Nzito: Tartibu ya Kutafuta Dosari za Mshono

Katika vibaraza vya miji yetu ya pwani, na katika masoko ya bara kadhalika, zingalipo cherehani nyeusi za Singer zilizotoka katika kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980, na kando yake zipo za Butterfly, kutoka Shanghai, zilizoundwa kwa kufuata umbo lilo hilo; nazo zote, kwa chuma chake kizito na kanyagio lisilodai umeme, zaendelea kuwaruzuku watu. Ila mteja wa leo haleti kanzu na magauni peke yake: huleta turubai, mkoba wa shule uliochanika begani, suruali ya jinzi inayotaka pindo, na hapo ndipo cherehani iliyoshona bafta mwaka mzima bila ya lawama huanza kuruka mishono, kukata uzi, au kufungamanisha nyuzi chini ya nguo, na mwenyewe, kabla ya kutafakari, hushika bisibisi akaanza kugeuza parafujo. Desturi hiyo naipinga kwa dhati, kwa kuwa dosari hizi zina sababu zijulikanazo, nazo hutafutwa kwa tartibu: kwanza lililo jepesi, mwisho lililo la ndani na la gharama.

Yafaa kufahamu jinsi mshono upatikanavyo. Sindano hushuka na uzi wa juu hata ukomo wake. Ianzapo kupanda, kwa kadiri ya milimita 2 hivi, uzi ule, ukizuiliwa na nguo, hulegea na kufanya kitanzi kidogo kando ya tundu, na wakati huo huo ncha ya kulabu hupita ikakinyakua na kukizungushia bobini, hata nyuzi mbili zikapishana katikati ya unene wa nguo. Kitanzi kisipotokea, au kikitokea mahali ncha isipopita, mshono umeruka.

Basi mshitakiwa wa kwanza ni sindano. Iliyo butu au iliyopinda, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, itupwe. Na namba 14, ambayo unene wake ni milimita 0.9, aghalabu haitoshi kwa jinzi wala turubai, kwani hupinda ikutanapo na tabaka nyingi na kuikosa kulabu. Itiwe namba 16 au 18, isukumwe juu mpaka ikome, na uzi uingizwe kwa upande wenye mfereji mrefu. Uzi nao uafikiane na sindano: upitishe katika tundu, uvute wima, na sindano iteremke yenyewe kwa uzito wake, ikikwama, tundu ni dogo, na uzi ule utachunika hata ukatike.

Pili ni mguu unaoibana nguo. Ukiwa mlegevu, nguo nzito huinuka pamoja na sindano, na kitanzi hakipati nafasi ya kufanyika. Basi uongezewe kani. Mguu ufikapo kwenye kiungo kinene cha jinzi, huinama nyuma na meno hayaisogezi nguo. Dawa yake ni kukunja kitambaa kwa unene ule ule na kukiweka nyuma ya mguu ili ukae sawa, kisha kuvuka kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Wajuzi hukigonga kiungo kwanza kwa nyundo ili kilainike, au hukisugua kwa sabuni kavu. Hatua ya mshono nayo irefushwe, kwani matundu yaliyosongamana huidhoofisha nguo.

Tatu ni mkazo. Nyuzi zikifungamana chini, wengi huilaumu bobini, ilhali kosa aghalabu liko juu: uzi umepitishwa hali mguu umeshushwa, na visahani vya mkazo, vikiwa vimefumba, havikuupokea. Uinue mguu, uupitishe upya, na utoe vumbi la pamba lililojificha chini ya springi ya kikasha cha bobini. Haya yakiwa sawa na kosa likabaki, ndipo parafujo ya mkazo wa juu iguswe, robo mzunguko kwa mara moja, na jaribio lifanywe juu ya kipande cha nguo ile ile, kwa tabaka zile zile.

Mwisho ni umri wenyewe. Mafuta ya zamani huganda kama gundi. Huyeyushwa kwa mafuta ya taa, kisha hutiwa mafuta halisi ya cherehani. Ukanda uliolegea huteleza pale nguvu itakiwapo, nao hukatwa kidogo na kuungwa tena. Ama kurekebisha wakati wa kulabu kukutana na sindano, hilo ni la fundi mzoefu, baada ya mengine yote kushindwa.

Na insafu yataka tukiri kwamba kila chombo kina haddi yake. Singer wenyewe waliwaundia washona viatu mashine yao, jamaa ya 29K, ambayo mguu wake huvuta ngozi kutoka juu na kugeuka pande zote. Kwa hivyo, kabla ya kupokea kazi nzito, fundi azungushe gurudumu kwa mkono: sindano ikipenya bila ya kulazimishwa, kazi ni halali ya cherehani yake, ikigoma, aipeleke kwa mwenye mashine iliyoundwa kwayo, wala asimwonee haya mteja.