Bondia Anayevuja Damu ya Shaba

Bondia wa Quirinal ni sanamu ya bronzi ya mwanandondi aliyeketi baada ya pigano. Ilifukuliwa Roma mwaka 1885 na sasa imo katika jumba la makumbusho la Palazzo Massimo. Ni kazi ya ufundi wa Kigiriki, ya zaidi ya miaka 2,000. Mikono ingali imezongwa kamba za ngozi, pua imevunjika, masikio yameumuka kwa makonde ya miaka mingi.

Ufundi wenyewe umo katika majeraha. Sanamu za aina hii huanza kwa nta: nta hufunikwa udongo, huyeyushwa na kutolewa kwa moto, kisha bronzi ya moto humiminwa mahali pake. Lakini damu ya bondia huyu haikumiminwa wala kupakwa rangi. Fundi alipachika shaba nyekundu tupu penye mikato. Kwa kuwa bronzi ina bati ndani yake na hung'aa kwa umanjano, ule wekundu ulionekana kama damu mbichi. Chini ya jicho la kulia alitia mchanganyiko mweusi zaidi, kuonyesha pale ngozi ilipovilia damu. Matone mengine yako kwenye paja na mkono wa kulia, kwa sababu bondia ndiyo kwanza amegeuza kichwa. Anayedai kwamba wachongaji wa kale walijua kuchonga warembo tu hajaitazama sanamu hii.

Imesalimika kwa kuwa ilizikwa. Sanamu nyingi za enzi zake ziliyeyushwa zikawa sarafu na silaha, na hatari hiyo haijapita: Januari 2022 Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu kwa sababu ya wizi wa mali ya umma. Katika Pwani ya Kenya, sanamu za bronzi zina adui wa pili. Upepo wa bahari, kama ule wa Shanzu, hubeba chumvi, na chumvi ikishikana na shaba penye unyevu huzaa unga wa kijani unaozidi kuila sanamu. Kinga yake ni rahisi: kuosha kwa maji yasiyo na chumvi na kupaka nta mara kwa mara. Kinachokosekana ni nia.



Robert Wangila, aliyeiletea Kenya dhahabu ya ndondi Seoul mwaka 1988, anastahili sanamu ya namna hii. Itakaposimamishwa Pwani, fedha za kuitunza zitengwe kabla ya utepe kukatwa.