Mkia wa Nomino katika Kideni na Kinorwei

Msemaji wa Kiswahili atajapo "nyumba", ni muktadha umwambiao msikilizaji kama ni nyumba yoyote au ni ile ijulikanayo tayari. Haja ya kubainisha ikizidi, huongezwa kionyeshi: "nyumba ile". Kiingereza hutanguliza kineno "the". Lugha za Denmark na Norwei zimeshika njia nyingine: alama ya umahususi hubandikwa mwishoni mwa nomino. "Hus" ni nyumba yoyote. "Huset" ni nyumba ijulikanayo.

Kiambishi tamati hicho kilikuwa neno kamili hapo kale. Wazee wa lugha hizo waliweka kionyeshi "hinn" baada ya nomino. Kwa kutamkwa pamoja muda mrefu, kikafupika na kuungana nayo.

Lugha hizi mbili huachana kivumishi kiingiapo. Kwa "ile nyumba kubwa", Mdeni husema "det store hus": kineno "det" hutangulia na mkia hudondoka. Mnorwei husema "det store huset", akibeba alama zote mbili.

Umbo la mkia nalo lilizusha mgogoro. Norwei ilikuwa chini ya Denmark hadi 1814, na baada ya hapo Kideni kiliendelea kuwa lugha yake ya maandishi kwa miaka mingi. Kwa "kitabu kile", umbo "boken" lilikaribiana na "bogen" la Kideni, hali "boka" lilitokana na matamshi ya Wanorwei wengi. Mageuzi ya tahajia ya 1938 yaliyafanya maneno mengi yachukue "-a" kwa lazima. Katika miaka ya 1950 wazazi waliozoea "-en", hasa wa Oslo, walipinga, na baadhi yao wakasahihisha kwa kalamu vitabu vya shule vya watoto wao. Mwaka 1981 maumbo mengi ya zamani yalirudishwa. Leo mwanafunzi aandikaye Bokmål, lugha sanifu ya wengi, yu huru kuchagua "boken" au "boka". Aandikaye Nynorsk, lugha sanifu ya pili, hutumia "boka".

Kwa kazi ya kisarufi, "-en" na "-a" ni sawa: kila moja huonyesha kwamba kitabu kinajulikana. Wazazi wale hawakugombea maana ya neno, bali ni usemi wa nani utakaofundishwa darasani. Swali hilo sarufi peke yake haiwezi kulijibu.