Ligesi: jina la mtaani halitoshi, uliza nambari

Ukienda kemisti na vile vidonda vya ngozi vinavyotoa usaha, kuna dawa ya kupaka inaitwa mupirosini ambayo huenda ukapewa. Kazi yake ni ya kijanja. Inaingia ndani ya bakteria, inamtafuta mfanyakazi mmoja tu na kumshika mikono. Bila huyo mfanyakazi bakteria haiwezi kutengeneza protini, na hapo maisha yake yanakwama. Jina lake ni refu la kutisha, lakini ana nambari: EC 6.1.1.5. Ukijua kuisoma hiyo nambari, unajua kazi yake kabla hata hujaambiwa jina.

Mimi chuo niliachia mwaka wa pili, kwa hivyo usiniulize cheti. Lakini hii habari ya majina ya vimeng'enya imenishika kuliko vitu vingi nilivyokaririshwa, kwa sababu ni hadithi ya watu waliochoka kuchanganyikiwa.

Zamani aliyegundua kimeng'enya alikibatiza anavyojisikia. Miaka ya 1930 kilipatikana kimoja kwenye hamira, kikaitwa kimeng'enya cha manjano. Baadaye kikapatikana kingine cha manjano, basi yule wa kwanza akaongezewa "cha zamani". Ni kama mtaani mkiwa na Kamau wawili, mmoja anageuka Kamau Mrefu. Sawa, lakini anafanya kazi gani? Jina halisemi.

Mwaka wa 1956 Muungano wa Kimataifa wa Biokemia uliunda tume, na ripoti yake ikatoka 1961. Tume iliamua kimeng'enya kiitwe kwa kazi kinayofanya. Vyote vikagawanywa katika makundi sita, na ligesi ndizo za kundi la 6. (Kundi la 7, la wale wanaovusha vitu kwenye utando wa seli, limekuja juzi tu, 2018.)

Neno ligesi linatokana na Kilatini, maana yake kufunga au kuunganisha. Sasa sikiza, kuunganisha peke yake hakukupi kiti kundi la 6. Mcheki fundi wa kuchomelea vyuma pale jua kali: vyuma viwili havishikani mpaka stima iwepo, na tokeni zikiisha kazi imeisha. Kwenye seli, tokeni kwa kawaida ni ATP. Ligesi inaunganisha molekuli mbili huku ikivunja ATP kugharamia kazi hiyo. Anayeunganisha bila kulipa anapelekwa kundi lingine.

Nambari ya pili inasema kiungo gani kimechomelewa. 6.1 ni kaboni na oksijeni, 6.2 kaboni na salfa, 6.3 kaboni na nitrojeni, 6.4 kaboni na kaboni. Hiyo 6.4 inakuhusu wewe wa chipsi na soda kila jioni: 6.4.1.2 ndiyo inayofungua mlango wa sukari iliyozidi kugeuzwa mafuta mwilini. Halafu 6.5 inahusu fosfati, na 6.6 nitrojeni na metali. Sukuma wiki ni ya kijani kwa sababu 6.6.1.1 huweka magnesiamu katikati ya molekuli inayokuja kuwa klorofili. Nambari ya tatu hubana zaidi, ya nne ni ya mwenyewe, kama nambari ya mlango kwenye ploti.

Rudi kwa mfanyakazi wetu wa kidonda. 6, ligesi. 1, kaboni na oksijeni. 1 tena, anabandika asidi amino kwenye tRNA, ule mkokoteni unaoipeleka mahali protini inajengwa. 5, asidi amino yenyewe ni isolusini. Umemaliza.

Vurugu iko kwenye majina ya kawaida. Kwa miaka mingi wasomi walishikilia kwamba "sinthetesi" ni anayetumia ATP na "sinthesi" ni asiyetumia. Herufi chache tu, na mwanafunzi anakosa maksi! Miaka ya 1980 wenye mamlaka ya majina wakalegeza: sinthesi itumike kwa yeyote, alipe asilipe. Ila mazoea ni mazoea. Glutamini sinthetesi bado inaitwa hivyo mpaka leo, ingawa jina lake rasmi ni L-glutameti:amonia ligesi. Hilo jina rasmi linakutajia vitu viwili vinavyounganishwa, halafu kazi. Mimi nalipenda zaidi.

Kisa kikali kabisa ni cha yubikwitini, ile lebo ambayo seli hubandika kwenye protini zinazofaa kutupwa. Kuna kimeng'enya kinachoibandika, na maabara zote zinakiita yubikwitini ligesi, au E3. Kwa miaka kilikaa kundi la 6. Kisha 2015 kikahamishwa kundi la 2, la wale wanaohamisha kitu kutoka hapa kwenda pale. Kwa nini? Kwa sababu anayelipa ATP ni mwingine, E1, mwanzoni mwa foleni. E1 ndiye alipata nambari ya ligesi, 6.2.1.45, na hakuna anayemwita ligesi mtaani. E3 anatembea na jina la kazi ambayo bili yake imelipwa na mwenzake.

Na usidhani tarakimu ya mwisho ni pambo. DNA ligesi, ile inayoziba nyufa kwenye uzi wa DNA, iligunduliwa 1967. Yako na yangu ni 6.5.1.1, inalipa kwa ATP. Ya bakteria kwa kawaida ni 6.5.1.2, inalipa kwa sarafu tofauti, NAD+. Kazi ni ileile, kiungo kilekile, tofauti ni 1 na 2 tu. Lakini ndani ya hiyo tofauti watafiti wanatafuta dawa itakayomzima fundi wa bakteria na kumwacha wako akiendelea na kazi.