Mwezi wa Kazi Mwanza

Kwa maelfu ya wafanyakazi wa Mwanza, mwezi wa kazi hauna siku 30. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwashwa juu ya maji ili wajikusanye kwenye mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu na mitumbwi hubaki ufukweni. Inapolala mitumbwi ya Igombe na Kayenze, mvuvi halali peke yake. Analala naye mama anayenunua dagaa wabichi kwa ndoo, kibarua wa kuanika, mpagazi wa magunia pale soko la Mwaloni, Kirumba, na mama lishe anayewapikia wote hao. Kipato chao kinafuata mwezi, lakini kodi ya chumba haingoji giza.

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 1 katika Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazobeba jiji hili. Mji ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892, reli ikafika 1928, na pamba ya Usukumani ikazaa vinu, vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, baadaye kiwanda cha nguo cha Mwatex. Kisha akashika usukani sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na viwanda vya minofu vikajengwa kwa ajili ya soko la Ulaya. Tangu hapo tukizungumzia ajira macho yetu yako kwenye geti la kiwanda. Kiwanda kikipunguza watu, ni habari. Mvua ikiharibu dagaa wa kijiji kizima, hakuna anayeuliza.

Na hasara hiyo si ndogo. Dagaa wanaoanikwa kwenye mchanga wanataka jua kali la siku nzima. Wingu likitanda saa nane mchana, wanawake hukimbia kuwakusanya na kuwafunika maturubai. Mvua ikiendelea hadi kesho yake wanabadilika rangi, wanaanza kunuka, na bei inakuwa ya chakula cha kuku. Hata waliokauka vizuri hubeba mchanga, na mnunuzi anautambua kwa kuwafikicha kiganjani. Kichanja cha miti na wavu huondoa mchanga na kukausha upesi, kwa kuwa hewa inapita juu na chini. Hakihitaji mtaalamu kutoka mbali. Kinahitaji mtaji.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Naamini vikundi vya waanika dagaa vinastahili kuwa mstari wa mbele, na marejesho yao yapangwe wakati wa giza, fedha ikiwa mkononi, si wakati mitumbwi imelala. Hapo gunia ambalo lingeishia kwa mfugaji wa kuku litanunuliwa na mfanyabiashara anayepakia mzigo wa Congo.