Mlima Hauna Hatia: Kutafuta Kosa la Picha ya Satelaiti Katika Gari Lililosimama Chiwata

Katika msimu wa korosho magari ya kila namna hupanda na kushuka miteremko ya Uwanda wa Makonde, kati ya Masasi na Newala. Miongoni mwake yamo machache ambayo nyuma ya dereva yamejengewa chumba chenye kitanda, jiko dogo, betri ya ziada na televisheni. Tuseme gari la namna hiyo limefika Chiwata jioni, likaegeshwa chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli. Dishi lililofungwa juu ya paa linainuliwa, king'amuzi kinawashwa, na watoto wa jirani wamekwisha kaa chini kungojea mpira. Picha inatokea, inakatikakatika kuwa vipande vya mraba, inaganda, kisha inapotea. Dereva anautazama mteremko ulio mbele yake na kutoa hukumu: "Mlima ndio unaozuia." Kesho asubuhi utingo atatumwa Masasi na fedha za king'amuzi kipya.

Hukumu hiyo ni ya haraka, nayo ni ya gharama. Jiometria anayofundishwa mwanafunzi wa sekondari yatosha kabisa kuuondolea mlima lawama na kumwonyesha dereva mahali pa kutazama.

Satelaiti za televisheni zimewekwa juu ya ikweta, kimo cha kilomita 35,786, ambako mzunguko mmoja huchukua muda uleule ambao dunia hujizungusha mara moja. Kwa hiyo kwetu sisi tulio ardhini huonekana zimesimama. Arthur C. Clarke alilieleza wazo la kutumia kimo hicho kwa mawasiliano mwaka 1945, na mwaka 1964 satelaiti iitwayo Syncom 3 ilivusha picha za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo juu ya Bahari ya Pasifiki.

Chiwata iko yapata digrii kumi na nusu kusini ya ikweta, karibu na longitudo 39 mashariki. Ikiwa satelaiti imewekwa juu ya longitudo 36 mashariki, mtu wa Chiwata atapaswa kuitafuta upande wa kaskazini, digrii 16 kuelekea magharibi, na mwinuko wake kutoka upeo wa macho utakuwa digrii 77, karibu utosini. Satelaiti iliyo juu ya longitudo 7 mashariki, ambayo nayo huleta vituo vya Tanzania, ipo magharibi, imesogea digrii 16 kuelekea kaskazini, na mwinuko wake ni digrii 51. Ni mteremko gani wa Makonde uinukao digrii 51 machoni pa mtu? Mlima waweza kuyazuia mawimbi ya mnara wa ardhini, ambayo husafiri yakikaribiana na ardhi, lakini haya hushuka kutoka juu. Hapa pia ndipo vijitabu vya maelekezo vilivyoandikwa Ulaya huwapoteza watu: huko dishi huelekezwa kusini na chini, kama digrii 25 tu mjini London. Atakayeyafuata maneno hayo Chiwata ataelekea Msumbiji, wala hatapata kitu.

Mwembe ndio mshitakiwa wa kwanza. Urefu wa mawimbi haya ni kama sentimita mbili na nusu, na jani lenye maji ndani yake huyameza. Jani lililolowa humeza zaidi. Ikiwa picha huja na kuondoka kwa kufuata upepo, hakuna haja ya kumwita fundi; gari lisogezwe. Lakini dereva aangalie asidanganywe na umbo la dishi. Dishi nyingi ndogo ni za aina ambayo kichwa chake kimewekwa chini, si katikati, na dishi la namna hiyo hutazama juu zaidi kuliko sura yake inavyoonyesha, kwa digrii 25 hivi. Tawi linaloonekana liko juu mno laweza kuwa ndilo hasa lililo njiani.

Baada ya mwembe kuna suala la kaskazini. Dira huvutwa na chuma cha gari, na hata mbali na gari haionyeshi kaskazini ya kweli kabisa. Mwalimu anaweza kuwafundisha wanafunzi njia bora zaidi: simika kijiti wima mahali tambarare, na utie alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano kuanzia saa 6 mchana. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kilicholala juu ya mstari wa kaskazini na kusini. Chiwata hilo hutokea karibu na saa 6 na dakika 24, likitangulia au kuchelewa kwa robo saa hivi kulingana na mwezi. Ikumbukwe tu kwamba kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua la mchana hupita kusini yetu, na kivuli hicho huelekea kaskazini. Miezi mingine huelekea kusini.

Sasa tufike kwenye jambo linalohusu magari peke yake. Dishi la sentimita 90 hupokea vizuri ndani ya upana wa digrii mbili tu, maana yake likikosea kwa digrii 1 limeanza kupoteza. Digrii 1 ni ndogo kiasi gani? Ukingo mmoja wa dishi ukisogea sentimita moja na nusu, imetimia. Gari ambalo magurudumu yake yameachana mita 1.8 huinama digrii 1 gurudumu moja likizama sentimita tatu, na udongo wa kichanga wa Makonde hulizamisha kiasi hicho usiku mmoja bila mtu kuona. Hata watu watatu wakipanda upande mmoja, springi hulegea na picha ikaondoka, wakishuka, ikarudi. Mtu asiyejua atadhani ni uchawi. Dawa yake ni kuliweka dishi juu ya mguu wake ardhini, mbali na gari, na kuunyoosha mguu huo kwa pima maji.

Zamani picha ilipodhoofika iliingia chenga kidogo kidogo, na mtu aliweza kuzungusha antena huku akitazama. Mitambo ya kidijitali haina huruma hiyo: picha ni safi mpaka ukingoni, kisha hakuna kitu. Kwa sababu hiyo usitazame picha unapotafuta, tazama vipimo viwili ambavyo king'amuzi huonyesha, nguvu ya mawimbi na ubora wake. Nguvu kubwa pamoja na ubora sifuri maana yake umeipata satelaiti isiyo yako, au hujapata yoyote na unapima kelele tu.

Ikiwa nusu ya vituo vinaonekana na nusu havionekani, chunguza umeme. King'amuzi hukipelekea kichwa cha dishi volti 13 au 18 kupitia waya uleule wa antena, na kwa tofauti hiyo kichwa huchagua mawimbi yaliyolala au yaliyosimama. Betri iliyochoka, au waya mrefu na mwembamba, huifanya volti 18 ifike imepungua, na kundi moja la vituo hutoweka. Jaribu waya mfupi. Kama vinarudi, king'amuzi ni kizima. Kiungio kilichoingia maji nacho huleta balaa hilohilo. Kifungue, na ukikuta kutu ya kijani umempata mwizi.

Zipo nyakati ambazo anga lenyewe ndilo lenye kosa. Mvua kubwa hufifisha mawimbi kwa dakika kadhaa. Tena, mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 25 Machi na 18 Septemba, jua hupita nyuma ya satelaiti kama ionekanavyo kutoka Chiwata, na kelele zake huifunika picha kwa dakika chache kila siku, kwa siku kadhaa: baada ya saa 6 na nusu mchana kwa satelaiti ya longitudo 36, na karibu saa 9 alasiri kwa ile ya longitudo 7. Siku hizo dishi lisiguswe. Jua likishapita, picha hurudi.