Digoksini na Hesabu ya Vyumba Viwili

Digoksini, dawa ya moyo, haikai mahali pamoja mwilini. Huingia katika damu, husambaa polepole hadi kwenye moyo na misuli, kisha sehemu kubwa yake hutolewa na figo. Wanahisabati huuchora mwili kama vyumba vilivyounganishwa kwa milango, ambapo kasi ya dawa kutoka chumbani hulingana na kiasi kilichomo. Kila kiungo kikipewa chumba chake, milinganyo huzidi kumi, nayo haimfai mganga aliye kando ya kitanda.

Hivyo hupunguzwa. Zipo mbinu zinazokaribia vizuri kiwango cha dawa katika damu, lakini vyumba vinavyobaki havina maana ya kimwili. Kimojawapo chaweza kuonyesha kiasi hasi cha dawa, jambo ambalo hakuna figo iliyowahi kuliona. Upunguzaji unaohifadhi muundo huunganisha viungo vinavyojaa kwa kasi inayokaribiana. Kinachotoka chumba kimoja lazima kionekane katika kingine au katika mkojo. Kwa digoksini huweza kubaki viwili: damu na tishu.

Tukivifanya kimoja, tunapotea katika saa 6 za mwanzo, wakati damu ingali na dawa nyingi isiyofika moyoni. Kipimo cha saa 2 baada ya dozi huweza kusomwa kama sumu, na mgonjwa akanyimwa dawa anayoihitaji. Damu itolewe angalau saa 6 baada ya dozi, au vema zaidi, muda mfupi kabla ya dozi inayofuata. Nawe mgonjwa, mtajie mhudumu saa uliyomeza dawa, hata asipokuuliza.